Timbo lililoachwa wazi: Mtoto akizama, nani wa kuwajibika?

MVUA za Uasin Gishu hazina haraka. Huanza Machi au Aprili zikaendelea hadi Septemba, na Agosti aghalabu huwa miongoni mwa miezi yenye maji mengi zaidi. Mwezi huo huo ndio shule hufungwa. Kwa mzazi anayeishi karibu na timbo lililoachwa pembezoni mwa Eldoret, kukutana kwa mambo hayo mawili ni jambo la kutia hofu: shimo limejaa pomoni, na watoto wako nyumbani.

Huenda wewe msomaji hupita kando ya shimo la aina hiyo kila siku unapokwenda kazini. Zamani lilikuwa likitoa mawe ya kujengea na kokoto. Kisha mawe mazuri yakaisha, au kandarasi ya barabara ikakamilika, mitambo ikaondolewa na vibarua wakaenda zao. Kilichobaki ni kuta za mwamba zilizosimama wima, na katikati yake maji ya kijani yaliyotulia kama ya bwawa la kuogelea hotelini. Akina mama hufulia hapo. Vijana wa bodaboda huosha pikipiki zao. Ng'ombe hunyweshwa. Na watoto, ambao hawana mahali pengine pa kuchezea maji, huvua nguo na kujitosa.

Mmoja wao anapokosa kurudi, mambo hufuata mkondo unaojulikana. Wapiga mbizi hutafutwa, umati hukusanyika, chifu huja, na hakosekani mtu wa kusema kwa sauti kwamba wazazi wa siku hizi hawachungi watoto wao. Mtoto huzikwa. Shimo hubaki wazi. Swali la nani aliyeliacha wazi huulizwa kwa kunong'ona, kana kwamba ni utovu wa adabu kulitaja matangani.

Hapa tutaliuliza waziwazi, kwa sababu sheria ya Kenya ina jibu, na kwa sababu jibu hilo lina uzito katika afya ya mtoto wako kuliko dawa nyingi ulizohifadhi kabatini.

MAJI YASIYO NA UFUO

Katika ripoti yake ya Desemba 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni mwaka wa 2021. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za mapato ya chini na ya wastani, na karibu robo walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Ukilinganisha vifo hivyo na idadi ya watu, Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu zaidi.

Wengi hudhani kwamba timbo lililojaa maji ni sawa na mto. Sivyo. Katika mto Sosiani, ukiondoa siku za mafuriko, mtoto huingia kidogo kidogo: maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, halafu gotini, halafu kiunoni, naye akiogopa hugeuka na kurudi. Timbo halimpi nafasi hiyo. Lilichongwa kwa baruti na nyundo ili litoe mawe, kwa hivyo ukingo wake ni ukuta. Hatua ya kwanza mtoto yuko juu ya mwamba. Hatua ya pili hana chini. Hata yule anayejua kuogelea kidogo hufika ukingoni akakosa pa kushika, kwani jiwe limelowa na kufanya utelezi. Wako waliozama wakiwa hatua moja tu kutoka nchi kavu.

Maji hayo tena ni mazito kwa matope. Huwezi kuona vipande vya mwamba na vyuma vilivyoachwa chini. Kijana anayeruka kwa kutanguliza kichwa anaweza kuvunjika shingo, na akiokolewa akaishi na mwili uliopooza. Kuna pia baridi. Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana hupasha moto maji ya juu tu, huku ya chini yakibaki baridi. Mwili unapokutana na baridi hiyo ghafla, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kukusudia. Akivuta kichwa kikiwa chini ya maji, huvuta maji.

Jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mtoto anayezama hapigi kelele jinsi tunavyoona katika filamu. Mdomo uko majini, pumzi hana, na mikono inasukuma maji badala ya kupunga. Watoto wenzake huweza kuwa pembeni wakicheka wakidhani anafanya mzaha. Yote huisha kwa muda usiofika dakika moja au mbili. Ubongo nao, ukikosa hewa kwa dakika nne au tano hivi, huanza kuharibika.

Ndiyo maana, miongoni mwa mambo sita ambayo WHO hupendekeza ili kuzuia vifo vya maji, mojawapo ni kuweka vizuizi vya kumtenga mtoto na maji. Kwa lugha nyepesi, ua. Na hapo ndipo daktari anapomkabidhi wakili kazi, kwa kuwa ua hujengwa na mwenye ardhi.

SHIMO NI LA NANI?

Inasimuliwa kwamba mji huu ulianzishwa kwenye shamba nambari 64 kwa kuwa walowezi waliona udongo wake haufai kwa kilimo, mwamba ukiwa karibu mno. Wazee bado wanauita Sisibo kutokana na nambari hiyo. Mwamba huo ni lava ngumu iliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita, na ndio umejenga nyumba zetu. Hautoboki kwa urahisi, na maji yakishatuama juu yake hukawia kwenda.

Lakini hakuna kipande cha mwamba huo kisicho na mwenyewe. Kuna Sheria ya Wajibu wa Wenye Majengo na Ardhi, ambayo ni Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Inasema kwamba mtu anayesimamia mahali ana wajibu wa kuhakikisha kwamba wanaoingia hapo wako salama kiasi cha kuridhisha. Zingatia neno "anayesimamia". Si lazima awe yule mwenye jina kwenye hati. Mwanakandarasi aliyekodi ekari mbili ili achimbe kokoto ndiye msimamizi maadamu yuko pale. Akishafunga virago, usimamizi humrudia mwenye shamba, hata kama yeye anaishi Nairobi au ng'ambo na hajakanyaga hapo miaka kumi. Ikiwa ardhi ni ya umma, basi kuna idara ya serikali au ya kaunti inayoisimamia, na mzigo ni wake. Wakati mwingine wajibu huwaangukia wawili kwa pamoja.

Sheria hiyo inaongeza kifungu ambacho kila mwenye ploti angefaa kukisoma: msimamizi wa mahali ni lazima atarajie kwamba watoto watakuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Bango la "Hatari, usiingie" halimwokoi ila tu kama, kwa hali ilivyokuwa, lilitosha kumlinda aliyeingia. Mtoto wa darasa la kwanza hasomi bango. Hata akilisoma, huenda likamvutia zaidi.

MTOTO SI MWIZI

Hapa mwenye shimo atasema: "Lakini sikumwalika mtu. Aliingia bila ruhusa." Ni hoja nzito, kwani Sura ya 34 inawazungumzia wageni, yaani walioingia kwa ruhusa. Wavamizi wa ardhi hutazamwa kupitia mapokeo ya sheria tuliyorithi kutoka Uingereza. Maamuzi ya mahakama za huko hayawafungi majaji wetu, lakini mawakili wa Kenya huyataja na majaji huyapima. Kwa hivyo inafaa uyajue.

Kwanza, ruhusa si lazima itamkwe. Mwaka wa 1911 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya mkulima ambaye watu walikuwa wakikata njia kupitia shambani mwake kuelekea stesheni ya treni kwa takriban miaka 35. Alilalamika mara kwa mara lakini hakuchukua hatua ya maana. Siku moja akamwachilia humo farasi mkali bila kumwonya mtu, na farasi akamjeruhi mpita njia. Mkulima alishindwa kesi. Sasa fikiria timbo ambalo akina mama wamefulia miaka minane, mwenyewe akijua na kunyamaza. Si rahisi aje baadaye kumwambia jaji kwamba wale wote walikuwa wavamizi.

Pili, hata mvamizi wa kweli akiwa mtoto ana kinga. Haikuwa hivyo tangu awali. Mwaka wa 1929 mahakama hiyo hiyo ilikataa kuifidia familia ya mtoto wa miaka minne aliyeuawa na gurudumu la mtambo wa mgodi wa makaa huko Uskoti, eti kwa kuwa hakuwa na haki ya kuwa pale. Uamuzi huo ulidumu zaidi ya miaka 40. Ulivunjwa mwaka wa 1972 katika kesi dhidi ya Shirika la Reli la Uingereza. Mtoto wa miaka sita alikuwa akicheza karibu na reli, akapita mahali ambapo ua ulikuwa umekanyagwa ukalala, akaungua vibaya kwa umeme wa reli. Ilithibitishwa kwamba wiki kadhaa kabla ya ajali, mkuu wa stesheni aliarifiwa kwamba watoto wameonekana relini. Ua haukutengenezwa. Majaji walisema kwamba ubinadamu wa kawaida ulimtaka mwenye reli afanye jambo, na shirika likashindwa.

Walisema pia jambo ambalo naona ni la haki kwa mazingira yetu: atakachotakiwa kufanya mwenye ardhi kitapimwa kwa anachojua na kwa uwezo wake. Ajuza mwenye robo ekari hataulizwa mambo yale yale anayoulizwa mwanakandarasi mwenye matingatinga.

Kesi ya tatu ni ya juzi juzi. Katika mtaa mmoja wa London, mashua kuukuu iliachwa kwenye ardhi ya baraza la mtaa ikioza. Baraza liliibandika karatasi ya kuonya watu wasiiguse, likapanga kuiondoa, lakini halikuiondoa. Wavulana wawili wakaamua kuitengeneza. Wakaiinua kwa jeki ya gari, ikamwangukia mmoja wao mwenye umri wa miaka 14, akapooza. Baraza lilijitetea kwamba lisingeweza kubashiri kuwa watoto wangeinua mashua kwa jeki. Mwaka wa 2000 mahakama ya juu ilikataa utetezi huo. Watoto, majaji walisema, hawaishiwi mbinu za kujiumiza, na anayeacha kitu cha hatari kinachowavutia hapaswi kutarajia kwamba watakichezea kwa namna moja tu.

Ni haki pia nikueleze upande wa pili wa shilingi, wewe mzazi. Mwaka wa 1955, huko huko Uingereza, mtoto wa miaka mitano alitumbukia katika mtaro uliochimbwa kwenye uwanja wa ujenzi, akavunjika mguu. Alikuwa na dadake wa miaka saba peke yao. Alishindwa kesi. Jaji alisema mwenye ardhi ana haki ya kutarajia kwamba wazazi wenye busara hawatawaachia watoto wadogo hivyo watangetange bila mtu mzima. Kwa hivyo ukimtuma mwanao wa miaka mitano achote maji timboni akiwa na nduguye wa miaka saba, jua kwamba wakili wa upande wa pili atakuuliza, na huenda jibu lako likapunguza fidia au likaifuta kabisa.

ALIJUA AU HAKUJUA?

Ukizitazama kesi hizo kwa makini utaona zinazunguka jambo moja: mwenye mahali alijua nini, na lini? Taarifa aliyopewa mkuu wa stesheni ndiyo iliyolizamisha shirika la reli. Karatasi kwenye mashua ilionyesha kwamba baraza lilifahamu hatari. Bila ushahidi wa aina hiyo, mwenye timbo atasema hakujua kwamba watoto hufika pale, nawe utabaki na maneno matupu.

Hapa ndipo wakazi wengi wa mijini hukosea. Tunalalamika kwenye baraza la chifu, kwenye matatu na kanisani. Hatuandiki. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe.

Basi andika barua. Haihitaji Kiingereza wala wakili. Taja mahali shimo lilipo, kina chake kwa makadirio, kwamba halina ua, kwamba watoto wa mtaa huogelea hapo, na siku ulizowaona. Omba liwekewe ua au lifukiwe, na utaje muda, tuseme siku 14. Weka tarehe. Watie sahihi majirani, hasa kama mna kundi la nyumba kumi linalofanya kazi. Ikiwa hamjui mwenye shamba ni nani, nambari ya ploti itawawezesha kuulizia katika afisi ya usajili wa ardhi. Piga picha za shimo, na katika baadhi ya picha ionekane njia ambayo watoto hupitia.

Peleka nakala kwa chifu na kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, na usiondoke kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa. Afisa huyo si wa kukagua mikahawa na vyoo pekee. Kifungu cha 115 cha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kinamkataza mtu kuacha katika ardhi yake hali inayoweza kudhuru au kuhatarisha afya, na sheria hiyo inatoa mamlaka ya kumpa mwenye ardhi notisi ya kuiondoa. Nakala nyingine iende kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ambayo chini ya sheria ya mazingira ya 1999 inaweza kutoa amri ya kumtaka aliyeharibu ardhi airejeshe katika hali njema. Sheria ya Madini ya 2016 nayo inadai kwamba uchimbaji ukiisha, ardhi irudishwe karibu na ilivyokuwa awali, na inataja matimbo yaliyoachwa.

Utaniambia sheria hizo zote zipo na mashimo bado yapo. Ni kweli. Lakini barua yenye muhuri hufanya mambo mawili ambayo lawama haziwezi. Humwondolea mwenye shimo kisingizio cha kutojua, na humfanya afisa aliyeipokea awe na kitu cha kujibia mtoto akizama.

IKIWA SHIMO NI LAKO

Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu ni wenye mashamba, na huenda mwanakandarasi ameshawapigia simu akitaka murram au mawe. Fedha ni nzuri. Kabla hujatia sahihi, hakikisha mkataba unasema nani atafukia shimo, nani atajenga ua, na lini. Zuia sehemu ya malipo mikononi mwa wakili hadi kazi hiyo ikamilike, maana mwanakandarasi akishalipwa zote na kuhamia kaunti nyingine, kumrudisha ni vigumu kama kukusanya maji yaliyomwagika. Uliza pia kama ana leseni ya NEMA na mpango wa kufunga timbo. Asipokuwa nao, anakuachia wewe.

Kama shimo tayari lipo na huna uwezo wa kulifukia, usikate tamaa. Tuta la udongo na vifusi kuzunguka ukingo, seng'enge ya nyuzi tano kwenye nguzo imara, na mstari wa miti ya miiba nyuma yake ni kizuizi cha maana. Upande mmoja wa ukuta ubomolewe uwe mteremko, ili atakayeanguka apate pa kutokea. Rudi kukagua, kwani seng'enge huibwa. Kumbuka ua wa reli uliokanyagwa. Wafuaji wapewe mahali pengine pa kuchota maji, la sivyo wataukata ua wenyewe, na utakuwa umejenga lango.

Hayo yote yanahusu pia nyumba iliyokwama kwenye linta kwa kukosa pesa, shimo la choo lililochimbwa likaachwa, na tangi la maji taka lililofunikwa kwa mabati. Katika mitaa kama Langas na Huruma, ambako nyumba zimebanana na watoto hawana uwanja, jengo lisilo na mlango ndilo uwanja wao. Wanaanguka kutoka orofani, wanachomwa na misumari yenye kutu. Jeraha la msumari lioshwe mara moja kwa maji mengi safi na sabuni, kisha mtoto apelekwe kliniki akaangaliwe kama anahitaji sindano ya pepopunda, hata ikiwa alichanjwa utotoni. Usipake kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya gari.

AKISHATUMBUKIA

Usijitose kama hujui kuogelea. Mara nyingi wanaokufa huwa ni wawili, aliyezama na ndugu aliyemfuata. Rusha kamba, leso iliyofungwa fundo, au tawi refu. Mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20 uliofungwa kifuniko huelea na unaweza kumbeba mtoto. Ufunge kwenye kamba umrushie. Mtu mwingine apige simu 999 au 112 wakati huo huo.

Akitolewa, mlaze chali mahali tambarare. Kama aliruka kwa kichwa, mshike kichwa na shingo visigeuke. Usimning'inize miguu juu, wala usimkandamize tumbo ili atapike maji. Tabia hiyo imeenea, na inapoteza dakika ambazo ubongo hauna, tena inaweza kuyasukuma matapishi mapafuni. Anachokosa ni hewa. Inua kidevu chake, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi tano huku ukitazama kifua kikipanda. Asipoamka wala kupumua, weka kiganja katikati ya kifua na ukibonyeze mara 30, kwa haraka ya karibu mara mbili kila sekunde, kikidinda kiasi cha theluthi moja ya unene wake. Kisha pumzi mbili, kisha 30 tena. Endelea bila kuchoka hadi apumue au msaada ufike.

Hata akizinduka na kuomba uji, mpeleke hospitalini. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, kwa hivyo ni lazima aangaliwe na madaktari kwa saa sita au nane hivi. Mvue nguo zilizolowa na umfunike blanketi njiani, kwani baridi ya Eldoret haimhurumii mtoto aliyelowa.

MUDA WA KUDAI

Familia iliyofiwa inaweza kudai chini ya Sheria ya Ajali Zinazosababisha Vifo, Sura ya 32, pamoja na Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Aliyejeruhiwa hudai mwenyewe, na akiwa mtoto hudai kupitia mzazi au mtu mwingine mzima. Kwa kawaida madai dhidi ya mtu binafsi au kampuni ni lazima yafikishwe mahakamani kabla ya miaka mitatu kuisha. Dhidi ya serikali, muda ni miezi 12 pekee, na wengi hugundua hilo mwezi wa 13. Usitegemee umri mdogo wa mtoto kukuongezea muda. Kuna masharti ndani yake ambayo yamewaponyoka watu. Mwone wakili mapema, na kama huna uwezo, ulizia Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016.

Utakapomwona wakili, beba nambari ya OB kutoka kituo cha polisi ulikoripoti, kadi na risiti za hospitali, ripoti ya upasuaji wa maiti kama kulikuwa na kifo, majina ya walioshuhudia, na picha za shimo zilizopigwa kabla mwenyewe hajaanza kulifukia. Hulifukia haraka sana, baada ya mazishi. Na kama mtaa wenu uliwahi kumwandikia barua, ibebe ile nakala yenye muhuri.